Siku ya Kuumuka kwa Bustani ya Milingoti

Asubuhi ya Siku ya Kuumuka nilipita katikati ya Bustani ya Milingoti nikiwa nimefunga mdomo, na watu wakanicheka kama walivyonicheka siku themanini na tisa zilizotangulia.

"Bubu wetu huyo!" akapaza sauti mwanamke wa mahindi ya kuchoma. "Bubu, leo tunaumuka jamani, hata tabasamu?"

Nikatabasamu. Hilo liliruhusiwa. Kilichokatazwa kwangu, mlinzi wa Sikio, mashine ya kusikiliza bustani, kilikuwa kutamka neno lolote ndani ya uzio, kwa sababu kila neno lililosemwa humo lilikuwa kura. Vinasa sauti mia tatu, kila kimoja kidogo kama punje ya mtama, vilibandikwa kwenye magome ya miti ya milingoti, chini ya viti, kwenye nguzo za taa, hata kwenye choo cha wanaume, jambo lililoleta malalamiko mengi, na malalamiko hayo nayo yakahesabiwa. Hakuna aliyejaza fomu. Haukuitishwa mkutano wa hadhara, ile mikutano ambayo wenye midomo mipana huongea hadi jioni na wenye haya hurudi nyumbani na maoni yao. Mtu alikuja tu bustanini, akakaa, akalaani jua, akamsifu mtoto kwenye bembea, akanuniana na mkewe, na Sikio likasikia yote na kuchora bustani mpya ya kuwafaa wote.

Na leo bustani hiyo ingeumuka. Chini ya majani makavu ya zamani tulikuwa tumetandaza hamira, udongo hai, mweusi, wenye harufu ya uyoga. Saa kumi jioni Sikio lingefungwa, hamira ingeamshwa, na kwa dakika arobaini ardhi ingejipandisha yenyewe, hapa kilima, pale ngazi, pale bwawa, kisha ingeganda kuwa mwamba. Mwamba wa hamira hauvunjwi kwa sururu wala kwa baruti. Hudumu miaka themanini. Kosa la leo lingekaliwa na wajukuu.

Iringa ilikuwa imeshikwa na wazimu wa furaha, na mimi nilikuwa mwendawazimu wa kwanza. Baridi ya asubuhi haikumzuia mtu. Kwaya mbili ziligombea kivuli kimoja. Watu wa upande wa juu, wengi wao Wahehe wenzangu, walitandika mikeka tangu alfajiri. Wa upande wa chini, ambako Wangoni wamejaa tangu reli ya kusini ijengwe, walipanda na masufuria vichwani, na kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba bustani mpya ingefanana na ndoto yake mwenyewe.

Katikati, kwenye meza ya drafti, alikaa Shangazi Eusebia, aliyenilea tangu nina miaka minne. Mbele yake alikuwa Mzee Luambano, fundi mstaafu wa reli, Mngoni wa kutoka Songea, na vizibo vya soda vikiwa vimepangwa kati yao.

"Cheza, mtumwa wangu," Shangazi alikuwa akisema. "Babu zako walitoka kusini mbio hadi nyayo zikaota sugu, na wewe kusogeza kizibo tu huwezi?"

"Naangalia kwanza mbwa wangu yuko wapi," akajibu Mzee Luambano. "Mhehe mla mbwa akiwa jirani akili yangu haitulii."

"Siku ukifa nitakaa juu ya jeneza lako. Huzikwi mpaka wanao waniletee jogoo."

"Utatangulia wewe! Na nitalala mwenyewe ndani ya kaburi lako, tuone utaingia wapi."

Kisha Shangazi akamkatia nusu ya kiazi chake cha kuchemsha, na mzee akakipokea bila kushukuru. Nilipita nikawapungia mkono. "Mtoto nimemlea mwenyewe," Shangazi akalalamika kwa Sikio na kwa dunia nzima, "siku ya tisini leo, hata salamu ya kamwene haniambii!"

*

Kibanda cha Sikio kilikuwa nje ya uzio. Saa nne kamili nilijifungia ndani, nikaweka kidole kwenye kufuli, na ramani ikafunguka mezani mbele yangu. Mlinzi huoneshwa ramani saa sita kabla, peke yake, kwa kazi moja tu ya kuhakikisha hakuna bomba la maji wala waya wa umeme utakaopasuliwa. Ameapa kutobadili kitu na kutomwambia mtu.

Kwanza nilipiga makofi kwa furaha. Jamani, ilikuwa nzuri! Kwaya zilipewa ngazi za kusimamia, zenye ukuta wa kurudisha sauti. Wajawazito walipewa viti vyenye migongo. Kulikuwa na bwawa la kina cha goti la mtoto. Milingoti yote ya zamani ilibaki, hata ule uliopinda ambao wapenzi hujificha nyuma yake. Nilizungusha ramani kwa vidole vyote kumi nikicheka peke yangu kibandani.

Ndipo nikaliona korongo.

Lilianza kwenye lango la mashariki, likakata bustani nzima hadi lango la magharibi. Kina chake kilikuwa mita sita na upana mita tisa, na kwenye kingo zote mbili iliota miiba ya mwamba mirefu kuliko mtu. Halikuwa na daraja. Lilipita palepale penye meza ya drafti.

Niliweka kidole juu yake kuuliza sababu, na maandishi yakajitokeza: *Kutenganisha makundi mawili yenye uadui mkali. Kauli za uadui: 4,112. Madai ya kumilikiana utumwa: 1,930. Vitisho vya kuzuia maziko: 611. Vita vya kihistoria kati yao: vimethibitishwa.* Chini yake sampuli ya kwanza ikajicheza, na sauti ya Shangazi yangu ikajaa kibanda: "Siku ukifa nitakaa juu ya jeneza lako."

Nilikaa chini sakafuni.

Kosa lilikuwa langu, na sikuwa na wa kumsukumia. Mimi ndiye niliyelifundisha Sikio. Mwaka mzima nilikaa na vipokea sauti masikioni, nikiliambia hii ni hasira, hii ni njaa, hii ni kejeli, hiki ni kikohozi cha mtu anayetaka kusema jambo na anaogopa. Nililifundisha namna mke anavyosema "sawa" akimaanisha si sawa. Utani wa Wahehe na Wangoni sikuufundisha. Haukunijia akilini hata siku moja. Nimezaliwa ndani yake, nimekua nikiitwa mtumwa na kila Mngoni aliyenipenda, na sikuwahi kudhani kwamba ni kitu kinachohitaji kuelezwa. Sikio lilisoma vitabu vya historia, likakuta babu zetu walichinjana kweli, kisha likasikiliza maneno yetu na kuamua kwamba vita bado inaendelea. Mimi kama ningekuwa limashine lisilo na shangazi, ningeamua hivyohivyo.

Nikakumbuka msiba wa mume wa Shangazi. Siku tatu alikuwa hali, hasemi, halii. Akaingia Mzee Luambano amevaa koti la marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama marehemu, akaketi kwenye kiti cha marehemu na kudai chai yake imepoa. Watu waliganda. Shangazi akamtazama, akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na jioni ile akala. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Sasa ningewawekea mita tisa za hewa kati yao.

Pembeni ya ramani kulikuwa na jedwali la maana za maneno. Lilikuwa na lakiri, lakini lakiri niliiweka mimi na njia ya kuifungua niliijua. Kuandika humo maana ya utani kungekuwa kazi ya dakika mbili. Hakuna binadamu angejua.

*

Mhandisi Mwanakhamis Faki, mkuu wa mradi, alikuwa kwenye hema lake nje ya lango akinywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari. Ni mtu wa Pemba, mpole wa maneno, mgumu kuliko hamira.

"Mhandisi," nikasema, "mlinzi akigundua kwamba alikosea katika kufundisha?"

Aliweka kikombe chini. "Umeona nini, mwanangu?"

"Sijasema nimeona kitu."

"Basi usiseme. Ukisema, zoezi lote linaweza kufutwa, na kiwanja kirudi Kamati ya Viwanja. Hao wana ramani yao tayari. Kituo cha ndege za mizigo, mwezi huuhuu."

"Na akirekebisha kimyakimya? Kwa nia njema?"

"Kwetu tulikuwa na uwanja wa mpira. Nimekulia pale, nikicheza na wavulana mamangu asijue. Karani mmoja akabadilisha mstari mmoja kwenye kumbukumbu za mkutano, ili pajengwe zahanati. Zahanati, si jambo baya. Watu walizaa humo. Alipokuja karani wa pili, akaona kumbe mstari hubadilishwa. Akabadilisha wa kwake. Leo pale pana ghala lake na la shemeji yake." Akanywa funda. "Yule wa pili simlaumu sana, alikuwa mwizi tangu tumboni. Wa kwanza alikuwa mtu mwema, na huyo ndiye aliyetuharibia."

Nilitoka hemani nikiwa nimekasirika, kwa sababu alisema kweli. Nje kwaya zilikuwa zimepatana na kuimba pamoja, na watoto walikuwa wakilala kifudifudi kuisikiliza hamira ikivuma chini ya nyasi. Nikifungua lakiri ya jedwali na kubonyeza, hawa wote wangekalia uongo wangu kwa miaka themanini, na mlinzi atakayenifuata angejua kumbe hubonyezwa. Nisipobonyeza, Shangazi yangu angezeeka akipunga mkono ng'ambo ya korongo.

Nikarudi kibandani, nikafanya jambo ambalo hakuna mtu Iringa amewahi kulifanya. Niliisoma Sheria ya Sikio yote, kurasa arobaini, kuanzia ya kwanza.

Nilipata jibu kwenye ukurasa wa thelathini na tatu. Lilikuwa na mistari mitatu, kwa herufi ndogo, chini ya kichwa Haki ya Kurudiwa. Mkazi yeyote, wakati wowote kabla ya kufungwa, anaweza kulitaka Sikio limrudie maneno yake mwenyewe, liseme limeyaelewaje, naye akayasahihisha. Maneno yake tu, si ya mwenzake. Hakuna aliyewahi kuidai haki hiyo. Watu wakiulizwa kama wamesikika husema ndiyo, basi, wanaendelea na mahindi yao.

Mlinzi hana haki hiyo. Mkazi anayo.

Saa nane na nusu niliweka beji yangu mbele ya Mhandisi Faki. "Najiuzulu."

Hakuigusa. "Leo?"

"Sasa hivi."

"Lustika," akasema taratibu, "naomba ujue unachokifanya."

Nilikuwa sijui hata robo yake. Moyo ulinienda mbio kama wa mtoto anayekimbilia gari la sikukuu.

*

Niliingia kupitia lango la mashariki, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya drafti, nikasimama mbele ya Mzee Luambano, na baada ya siku tisini nikafungua mdomo.

"We mzee! Mtumwa wangu! Unakalia kiti cha Wahehe kwa ruhusa ya nani? Siku ukifa nitalificha jeneza lako, wakuzike ndani ya sufuria!"

Bustani nzima iligeuza vichwa. Kisha ikalipuka. "Bubu kasema!" Watu wakaruka juu, mwanamke wa mahindi akarusha gunzi hewani, na Mzee Luambano akasimama kwa furaha, mikono wazi. "Kumbe una ulimi! Nilidhani shangazi yako aliupika!"

Niliinua mkono. "Sikio! Mimi Lustika Kikoti, mkazi. Nadai Haki ya Kurudiwa. Nimesema nini, na umenielewaje?"

Nguzo za taa zikakwaruza. Wengi hawakujua kwamba Sikio lina sauti. Ilikuwa sauti tulivu ya mtu mzima asiye na kabila.

"Umedai kummiliki mzee huyu kama mtumwa. Umetishia kuudhalilisha mwili wake baada ya kifo. Nimeelewa kwamba unamchukia, na kwamba usalama wenu ni kutengana."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Nikaona uelewa ukisambaa nyusoni, polepole, kutoka meza moja hadi nyingine. Sikuwa nimesema neno hata moja kuhusu ramani. Haikuhitajika.

"Hapana," nikasema. "Nasahihisha. Huyu ni mtani wangu. Nilimaanisha nampenda."

"Imepokelewa," likasema Sikio.

Shangazi alikuwa amesimama, kizibo bado mkononi. "Na mimi? Ee Sikio! Mimi Eusebia Kikoti! Umenisikiaje mimi?"

"Umetishia kuzuia maziko ya mzee huyu mara mia na kumi na nne. Wewe na yeye ni maadui wakubwa kuliko wote katika bustani hii. Nimewaandalia umbali."

"Umbali!" Hasira ya Shangazi haikuwa ya utani sasa. Alipiga meza, vizibo vikaruka. "Umbali wa nini? Sasa nikifa nani atakuja kuzuia jeneza langu? Nani atanidai jogoo? Wanangu watalia tu siku nzima kama yatima wa njiani, hakuna wa kuwachekesha? Niandikie vizuri, na masikio yako mia tatu! Huyu ndiye atakayenizika. Nimemchagua miaka arobaini!"

Mzee Luambano aligeuza uso upande. Alijifanya kutafuta kizibo kilichodondoka, akakitafuta muda mrefu.

"Imepokelewa," likasema Sikio. "Zimesalia kauli elfu tatu mia tisa."

Basi tena! Sijawahi kuona kitu kama kile, na sitakiona tena. Watu waliukimbilia kila mlingoti, kila nguzo, kila kiti. Sikio liliwasikia wote kwa pamoja. "Mimi Gama, nadai nirudiwe!" "Mimi Mhongole, nadai!" "Nilimwita mkimbizi, ni mtani, jirani yangu, tunachota maji pamoja!" Mwanamke mmoja alisahihisha huku akimkumbatia aliyemtukana, na aliyetukanwa akimtukana upya, ikabidi asahihishe tena. Babu mmoja alirudiwa maneno yake akasema hapana, hilo la kuhusu mbuzi wa Komba lisisahihishwe, lile alilimaanisha. "Imepokelewa," likasema Sikio, na Komba mwenyewe akapiga makofi. Wengine walikimbia mjini kuwaita walio kazini. Saa tisa zilikuwa zimesalia elfu mbili. Saa tisa na nusu, mia saba. Kwaya zikaanza kuimba hesabu ikishuka.

Saa tisa na dakika hamsini Mhandisi Faki akatokea kwenye umati. Alikuwa na beji yangu mkononi. Alisimama chini ya nguzo ya taa, mahali ambapo kila neno husikika, na nadhani alipachagua.

"Lustika," akasema. "Ulisema kama mkazi, au kama mlinzi aliyeiona ramani?"

Sababu iliyonileta hakuna aliyeijua isipokuwa mimi. Ningeweza kujibu mkazi, na ingekuwa nusu kweli. Nilimwona Shangazi akinikazia macho, asielewe swali. Nikawaza yule karani wa kwanza, mtu mwema.

"Niliiona ramani," nikasema. "Nilikuja hapa kwa sababu niliiona. Na kosa lililomo ni langu, nililifundisha Sikio kila kitu isipokuwa sisi."

Furaha yote ikakatika ghafla. Mhandisi akafumba macho.

"Mlinzi ameathiri zoezi," likasema Sikio. "Sheria inatoa njia mbili. Kufuta zoezi, au kufuta sauti ya mlinzi na kuwauliza wakazi. Wakazi, maneno mliyosahihisha ni yenu, au ni ya mlinzi?"

"Yetu!" Iringa nzima ilijibu, juu na chini, kwa pumzi moja, mpaka ndege wakaondoka mitini.

"Imepokelewa. Sauti ya Lustika Kikoti imefutwa katika bustani hii, kwa jana, kwa leo, na kwa muda wote mwamba utakapodumu. Haitahesabiwa tena."

Nilifikiri ningelia. Badala yake saa kumi ikatimia, na ardhi ikatikisika chini ya viatu vyangu.

Hamira ikaamka! Nyasi zikapasuka, udongo mweusi ukafura, ukapumua, ukapanda. Watu walipiga kelele na kushikana mikono, Mhehe na Mngoni, yeyote aliyekuwa karibu. Kilima kikaja chini ya watoto na kuwainua wakicheka. Bwawa likazama polepole na maji yakalifuata. Nilikimbia hadi katikati, macho yangu yakitafuta mita tisa za hewa.

Korongo halikuja. Mahali pake zilipanda ngazi mbili ndefu za kukalia, kutoka lango la mashariki hadi la magharibi, zikitazamana. Kati yake palikuwa na nafasi ya hatua mbili tu, kiasi cha mtu kumtukana mwenzake bila kupaza sauti. Ule mwamba ulikuwa bado una joto watu walipoanza kuujaza, na matusi yakaanza palepale.

Shangazi alikaa upande mmoja, Mzee Luambano upande wa pili. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeitunza bustani hii kuliko mtu yeyote, na ndani yake hapakuwa na jiwe moja lililopanda kwa ajili yangu, wala halitapanda hadi nife. Furaha ilikuwa imenijaa kifua kizima, na katikati yake kulikuwa na shimo.

Mzee Luambano alinitazama kutoka juu hadi chini.

"We mtoto wa Kihehe," akasema kwa sauti kubwa, ili kila mtu asikie. "Umati wote huu una kiti, wewe peke yako huna! Hata choo cha wanaume kimesikilizwa, wewe hapana!"

Watu wakashika vinywa. Mimi nilimtazama yule mzee, kisha kicheko kikanitoka tumboni, kikubwa, na machozi yakakifuata, na sikuweza kuzuia kimoja wala kingine.

"Haya, njoo," akasema, akisogea. "Utakaa kwenye changu, mtumwa wangu, mpaka mwamba uishe."

Nikaenda, nikakaa.